Kabureta za Kuazima

Walisema sitaweza. Jumanne, niliyepanga naye chumba Kensington, Sydney, wakati nasoma, alisema nitarudi Morogoro na begi la nguo za baridi na kikohozi. Msimamizi wa duka la matairi, siku aliponiachisha kazi korona ilipoingia, alisema diploma yangu ya magari itapendeza sana ukutani. Na muuza vipuri mmoja wa Auburn, nilipomwonyesha picha ya lile gari kwenye simu, alicheka mpaka akatafuta kiti. "Rafiki yangu," alisema, "hilo litawaka siku mimi nitakapokuwa waziri mkuu." Wote nawasalimu. Gereji yangu iko kando ya barabara ya kwenda Dodoma, ina mashimo matatu na mashine ya kusoma kompyuta za magari, na mafundi wangu wanavaa ovaroli zenye jina langu mgongoni. Diploma iko ukutani kweli, kwenye fremu niliyoinunua mwenyewe, na wateja husimama kuisoma wakisubiri chenji. Na lile gari liliwaka. Mimi Rajabu ndiye niliyeliwasha, peke yangu, katika mji uliofungwa. Kisha nikalifungua tena, kipande kwa kipande, mpaka likabaki bati na matairi. Hilo la pili watu hawalielewi, nami kwa miaka kadhaa sikuona sababu ya kumweleza mtu.

Mwezi uliopita alikuja Manjit. Alikuwa anakwenda Moshi kuiona nyumba aliyozaliwa baba yake, akapita kwangu bila kunipigia simu, akasimama mlangoni mwa gereji na miwani ya jua kichwani, na mafundi wangu wakadhani ni mteja mwenye gari kubwa. Tulikuwa hatujasemezana tangu mwaka ule. Nilimpa kiti cha ofisini, kile cha ngozi, nikaagiza chai na vitumbua. Manjit Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza kama watoto wengi waliozaliwa kule. Alizungusha macho, akaiona diploma, akatabasamu kidogo. Kisha akaweka kikombe chini akauliza, taratibu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi swali lake ndani ya ndege: "Rajabu, ilikuwaje ukamvunja baba yangu vipande vipande?" Hakusema gari. Alisema baba yangu. Nami, ninayejua kujibu kila mtu, nilitazama vitumbua.

Basi nitaanza na duka la viungo la St Marys, maana ndipo Mzee Balbir, baba yake Manjit, aliponisikia. Ilikuwa mwaka wa pili wa korona, kabla hawajatufunga kabisa. Sikuwa na kazi, na nilikuwa kwenye foleni, nimevaa barakoa, nabishana na Jumanne kwenye simu juu ya wapi kuna unga mzuri wa ugali. Nyuma yangu, kutoka kwenye ile alama ya kusimama mbali iliyobandikwa sakafuni, sauti nzito ikasema: "Usichukue wa hapa. Una wadudu." Niligeuka nikamwona mzee wa Kisingasinga, kilemba cha bluu, ndevu nyeupe zimefunikwa na barakoa mpaka zikatokea pembeni kama pamba ya godoro. Alisema Kiswahili cha zamani, cha gereji za Moshi, kisicho na haraka. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia. Akaniuliza kazi, nikamwambia nina diploma ya magari, na kwamba nilikuwa wa pili darasani. "Diploma!" alisema, na watu wote wakageuka. "Basi njoo kwangu. Nina gari halijui kusoma, labda utalifundisha." Tangu siku hiyo hakuniita Rajabu. Aliniita Diploma, na nitakuwa mwongo nikisema sikulipenda jina.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao na bati jembamba, mtaa wa pili kutoka reli, na treni za mizigo zilipopita vikombe vilihama kidogo kidogo kwenye rafu. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Manjit, binti yake wa pekee, alikuwa mfamasia na aliishi Kensington karibu na chuo. Uani kulikuwa na chumba kimoja, hita ya umeme yenye harufu ya vumbi linaloungua, na dirisha linalotazama ua wa Mama Neema, jirani Mkongo kutoka Bukavu aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Mzee alinipa chumba hicho, na malipo yakawa mikono yangu. Ng'ambo ya chumba ndipo ilipokuwa gereji. Alifungua mlango wake. Ndani, juu ya stendi nne, lilikaa gari fupi, jekundu, la chini kama samaki wa mchangani, bodi ya alumini iliyofinyangwa kwa nyundo na mfuko wa mchanga. Alikuwa amelijenga kwa miaka arobaini. Chesisi iliokotwa kwenye banda la shamba la kondoo, injini ya silinda sita ilifika kwa meli kutoka Italia ikiwa ndani ya pipa, viti alivishona mwenyewe. Halikuwahi kuwaka hata mara moja. Vilikosekana vitu vitatu ambavyo havikuuzwa popote kwa bei yoyote: kabureta, distribyuta ya kugawa cheche na starta ya aina ile. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mapafu yake, baada ya miaka sitini ya vumbi la breki na moshi wa kuchomelea, hayakubakiza kazi nyingi. "Ni chujio la hewa lililosahauliwa," alisema, akijigonga kifuani. "Mimi sitaki kuliendesha, Diploma. Nataka kulisikia. Mara moja tu, kabla pumzi haijakata." Nikamwambia: "Mzee, kwangu mimi hilo ni jambo dogo." Ndivyo nilivyo.

Sauti aliyoitaka aliisikia mara ya mwisho akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilijua habari hiyo kwa vipande, mchana, mezani, kwa sababu Mzee alikuwa na utaratibu wake: chakula kimoja, shindano moja, na hakuruka wala kurudia. Jikoni kwake palikuwa na meza ya plastiki yenye picha za malimau, redio iliyosoma idadi ya wagonjwa kila saa tano asubuhi, na jiko ambalo juu yake mimi nilisonga ugali Jumamosi na yeye akapika dengu na chapati siku nyingine. Aliteremsha sauti ya redio, akamega, akaanza. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu. Kulikuwa na kijana wa Kigiriki, Stavros, mtoto wa mkulima wa kahawa, aliyepeleka magari yake kwa Balbir kwa sababu Balbir aliisikiliza injini kwa bisibisi sikioni. Stavros aliuza sehemu yake ya shamba, akanunua gari la mashindano la Kiitaliano, akamwambia: "Balbir, twende tukashindane na dunia." Msimu mzima wa mashindano ya masafa marefu, madereva wawili, fundi mmoja, na lori la kukodi ambamo fundi alilala.

Siku ya dengu ya kwanza tulikuwa Florida. Saa kumi na mbili mfululizo kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa kijeshi, sakafu ya zege yenye viungo vilivyoachana, kila duru gari linapigwa nyundo chini mpaka nati zinajilegeza zenyewe. Siku ya maharage tulikuwa Sisilia, barabara za milimani zinazopita katikati ya vijiji, duru moja ni kama kwenda mji mwingine na kurudi, wazee wamekaa vitini milangoni na magari yanapita karibu na magoti yao. Siku ya samaki wa kopo tulikuwa Ujerumani, msituni, jua upande huu na ukungu upande ule, na Stavros akarudi na majani ya msonobari kwenye vioo vya taa. Nilipenda sana siku ya Ufaransa. Saa ishirini na nne. Madereva walipangwa upande mmoja wa barabara, magari upande wa pili, bendera ikishuka wanavuka mbio kama watoto wa shule kengele ikilia. "Na wewe ulikuwa wapi?" niliuliza. "Mimi? Nilikuwa nimeshika chapati," alisema Mzee. "Nilikuwa nimepika kwa stovu ya mafuta nyuma ya lori. Waingereza wa kibanda cha pili walikuwa wanakula mkate mkavu, wananitazama. Nikawapa. Baada ya hapo, chochote nilichotaka, spana, plagi, hata gurudumu, waliniazima." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikasimama nikimtazama akishika ukingo wa meza, na redio ikataja namba ya siku hiyo.

Hapo ndipo aliponieleza sheria yao. Timu kubwa zilikuja na malori ya vipuri, lakini wadogo waliishi kwa kuazimana. Usiku wa mashindano hakuna aliyeuliza kwa nini unataka kabureta. Mtu alikupa, hata kama dereva wako alikuwa anamfukuza dereva wake. Sharti lilikuwa moja. Kabla hujaondoka uwanjani unazunguka kibanda kwa kibanda unarudisha, na kitu kinarudi kisafi kuliko kilivyotoka. "Ulishinda, unarudisha. Gari limeungua, unarudisha," alisema. "Asiyerudisha hapewi tena, hata nati." Ndiyo maana hakuwa na wasiwasi kuhusu vitu vitatu vilivyokosekana. Alijua nani anavyo. Wenye magari ya aina ile Sydney ni wachache na wote wamezeeka, vipuri vimekaa kwenye makabati kama vyombo vya harusi. Hawauzi. Wanaazimana. Alikuwa hajawaomba kwa sababu injini haikuwa tayari kuvipokea, na mikono yake ilitetemeka. Sasa kulikuwa na mikono yangu. Starta tuliipata Kensington kwa mwalimu mstaafu aliyefundisha fizikia, wiki moja kabla ya karantini. Distribyuta ilitoka Blacktown kwa mjane wa Kimalta ambaye mumewe alikuwa dereva. Aliiweka kizingitini ndani ya bakuli la keki, akatupungia kupitia dirishani. Kabureta, tatu, za matundu mawili mawili, zilikuwa kwa Bwana Yusuf, Mturuki wa Auburn, naye alizileta mwenyewe siku ya mwisho kabla barabara hazijafungwa. Alisimama kwenye lango bila kuingia. "Balbir," alisema, "hizi ni macho yangu." "Basi utarudishiwa macho yako," Mzee akajibu.

Kisha wakatufunga. Watu wa upande wetu wa magharibi walifungwa kuliko wengine; helikopta zilizunguka juu ya paa zetu mchana kutwa, na askari waligonga milango kuuliza nani anaishi na nani. Kwangu haikuwa taabu, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Nilifungua injini yote. Nilipima kila pistoni, nikasawazisha vali, nikakuta ufa kwenye mrija wa mafuta ambao Mzee asingeuona kwa macho yake, na nikamwambia hivyo, naye akasema: "Ndiyo sababu nimekuajiri, unajisifu kwa vitu vya kweli." Siku moja alisema anataka mafuta ya nyonyo. Magari ya zamani ya mashindano yalilainishwa kwa mafuta hayo, na harufu yake ikiungua, alisema, ilikuwa ndiyo harufu ya ujana wake. Nilijua yakichanganywa na oili ya kisasa yanaganda kama gundi, nikakataa. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana tuweke kijiko kimoja ndani ya petroli, kwa ajili ya pua tu. Chupa niliipata kwa Mama Neema, juu ya ua.

"Eh, papa Rajabu," alisema, akiishika chupa mbali nami, "hii mafuta njo ya nywele! Munataka kuendesha gari ao kulisuka?"

"Mama, ni mambo ya kitaalamu," nilimjibu.

"Kitaalamu!" akamgeukia Mzee aliyekuwa amekaa juani na blanketi. "Papa Balbir, huyu mutoto wako iko na diplôme ya saluni?"

Mzee alicheka mpaka akainua mkono kuomba msamaha wa pumzi. Ile ndiyo picha yake ninayoitunza: kiti cha bustani, blanketi la mistari, ndege weusi kwa weupe wakipiga filimbi kwenye waya, na mkono umeinuliwa.

Alikuwa amebakiza shindano moja la msimu. Nilimkumbusha mara mbili, akasema hakuna chakula kinachofaa. Mwishowe alinisimulia bila chakula, asubuhi moja ya baridi, akinishikia taa nikifunga kabureta. Mwisho wa msimu walikwenda kwenye mashindano madogo, kwenye barabara ambayo sasa ni mashamba. Hapakuwa na sababu ya kwenda. Stavros alitaka tu duru chache kabla ya kurudi nyumbani kwa mavuno. Mvua ilinyesha. Balbir alisikia injini ikija, akaisikia ikipanda gia, kisha akasikia mvua peke yake. "Nilingoja injini irudi," alisema. "Mpaka leo." Asubuhi yake, kabla ya polisi na kabla ya simu ya kwenda Arusha kwa mama yake Stavros, alizunguka vibanda vyote. Jeki ya Wajerumani. Gurudumu la Wafaransa. Debe la Waingereza. Walilia, wakamwambia akae navyo, nani anajali jeki siku kama hii. Akakataa. "Kwa sababu Moshi nilikua na Waswahili," aliniambia. "Nilikuwa nikienda mazikoni kwao. Kabla ya kufukia, mtu husimama akauliza: nani anamdai marehemu? Nikaona ni neno zuri kuliko yote niliyosikia katika dini yoyote. Stavros asingeondoka na jeki ya mtu." Taa ilikuwa imeshuka. Nikamwambia aiinue, sioni.

Wiki hiyo ndipo Mzee alipoanza homa. Nami nilipata, lakini yangu ilikuwa ya kulala siku mbili na kupoteza harufu. Yake ilishuka moja kwa moja kwenye lile chujio. Gari la wagonjwa lilikuja mchana, wafanyakazi wake wamevaa nguo za plastiki kama watu wa kupuliza dawa mikorosho, wakampakia kwenye kiti cha magurudumu. Mama Neema alisimama upande wake wa ua, mikono kichwani. Mzee aliondoa barakoa ya hewa usoni, mhudumu akamkataza, akaiondoa tena. Nilidhani ataniambia nimalize injini. Alisema: "Diploma, vitu vya watu." Kisha wakafunga mlango.

Hakuna aliyeruhusiwa kumwona, hata Manjit, ambaye kila siku aliwapa watu wengine dawa kupitia kioo. Alinipigia kila jioni kunipa habari, nami nikampa habari za injini, na nadhani kila mmoja aliona ya mwenzake ni ya maana ndogo. Siku za kwanza Mzee aliweza kushika simu mwenyewe. Hakuniuliza hali yangu. Aliuliza: "Inaongea?" Nikasema bado, Mzee, kesho. Kesho yake akauliza tena, sauti imepungua, nikasema kesho. Nilikuwa nafanya kazi kama mwendawazimu. Jikoni nilikula nimesimama, mbele ya ile meza ya malimau, kwa kuwa sikuweza kukaa kwenye kiti changu nikitazama chake. Redio nilikuwa nimeizima. Siku ya tatu simu ilipokelewa na nesi, mwanamke mwenye sauti ya upole, akasema Mzee Balbir amelazwa usingizi wa dawa na mashine inampumulia.

Injini iliwaka siku iliyofuata, mchana. Sitaandika kwamba ilikuwa rahisi. Ilipiga chafya, ikatoa moto kwenye mdomo wa kabureta ya kati, nikauzima kwa koti langu, nikarudi kusogeza distribyuta unene wa ukucha, nikabonyeza starta tena. Ikashika. Silinda sita zote. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na nimesikia injini nyingi: ilianza kama mtu anayekoroma, na nilipokanyaga ikapanda, ikapanda, mpaka mabati ya gereji yakaitikia na mbwa wote wa mtaa wakajibu. Nilimpigia Manjit, akampigia nesi, nesi akanipigia mimi. Alisema ana dakika chache. Aliiweka simu sikioni kwa Mzee, akasema endelea. Nikakanyaga. Nilimpa Florida, nikampa Sisilia na kona zake, nikampa ule mnyoofu mrefu wa Ufaransa ambapo Stavros aliacha mguu chini mpaka mwisho. Nilikuwa nalia na sikujua. Nilipozima, nesi alikuwa bado kwenye simu. Nikauliza: "Amesikia?" Akasema kwenye skrini hakuna kilichobadilika, lakini yeye mwenyewe husema na wagonjwa waliolala hivyo kila siku. Mimi ni mtu wa kujisifu, na nimejisifu kwa mengi katika kurasa hizi. Lakini sijawahi kumwambia mtu kwamba Mzee alisikia. Sijui.

Alifariki baada ya siku mbili. Waliruhusiwa watu kumi, wote wa upande wa Manjit, na akachomwa kwa desturi yao huku mimi na Mama Neema tukitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kikombe. Sala zilisomwa. Nilingoja. Picha ikakatika, na hakuna mtu aliyekuwa amesimama kuuliza.

Barabara zilipofunguliwa Manjit alikuja St Marys. Alikuwa amekonda. Aliingia gereji, akalizunguka gari, akapitisha kidole juu ya bodi, akaniomba niliwashe. Nikaliwasha. Alisimama na viganja vyote viwili juu ya bati, macho yamefungwa, mpaka nilipozima. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba halitatoka hapa kamwe, kwamba atakuwa anakuja kila Jumapili kulisikia. Ndipo nikamwambia kwamba kabureta si zetu. Wala distribyuta. Wala starta. Alisema atawalipa. Nikasema hawauzi. Alisema basi watungojee, wazee wale wataelewa, mtu amekufa. Nikasema ndiyo sababu. "Sababu gani?" aliuliza, na hapo, mimi mwenye maneno, nikakosa Kiingereza cha jambo lile. Nilisema tu: baba yako ameniagiza. Alinitazama kama mtu aliyemkuta mwizi jikoni. Aliniambia mimi ni fundi wa kuajiriwa, kwamba nina haraka ya kusafisha jina langu kwa wazee wenye vipuri kwa kuwa nataka kazi kwao, kwamba ile sauti ndiyo kitu pekee cha baba yake kilichobaki chenye joto. Akaondoka. Kesho yake nilichukua spana.

Haya ndiyo niliyomweleza mwezi uliopita, kwenye kiti changu cha ngozi, kwa Kiswahili, kwa kuwa sasa niliweza kuchagua lugha. Nilimweleza mazishi ya kwetu na lile swali. Nilimweleza Stavros na jeki ya Wajerumani, ambayo baba yake hakuwahi kumsimulia. Alisikiliza bila kugusa chai. Mwisho aliuliza jambo moja tu: waliposikia amekufa, wale wazee walisema nini? Nami nikamweleza siku ile.

Niliviosha vyote kwa petroli na mswaki, nikavikausha juani, nikavifunga kwa shuka safi la Mzee nililolikata vipande. Nilichukua pikapu yake. Blacktown, yule mjane alipokea distribyuta ndani ya bakuli lilelile la keki, akajifuta macho kwa kiwiko. Nikamuuliza, nimesimama kizingitini: kuna kitu kingine unachomdai Mzee? Alishangaa, akafikiri, akasema hapana, hakuna. Auburn, Bwana Yusuf alikuwa anatoka msikitini. Alizipokea kabureta kwa mikono miwili na hakuzifungua kuzikagua. Nilipomuuliza yeye hakushangaa. Alijua swali lile. Aliweka mkono kifuani, akasema amemsamehe kila kitu, kikubwa na kidogo, akasoma dua fupi palepale kando ya gari.

Kensington nilifika alasiri. Mwalimu alikuwa na miaka tisini, aliishi ghorofa ya chini, karibu na reli ya tramu, na bado hakuwa anamkaribisha mtu ndani. Alitoka kwenye ngazi na mkongojo. Niliiweka starta juu ya ukuta mfupi, nikarudi nyuma kama ilivyotakiwa, nikauliza: je, kuna kitu kingine unachomdai?

"Ndiyo," alisema.

Alisema siku tulipokuja kuichukua starta, mimi nilipokuwa nafungua mlango wa nyuma wa pikapu, Balbir alimwahidi kwamba gari likiwaka litaletwa hapa mtaani, alisikie. Yeye hawezi tena kusafiri. Alikuwa anangoja. Alisikia habari ya msiba, lakini alidhani labda mtu angelileta.

Nilitazama starta yake juu ya ukuta. Nilifikiria gari lilivyobaki kule St Marys, kimya. Wanafunzi walikuwa wanapita na vikombe vya kahawa. Mimi ni mtu mwenye diploma, nilikuwa wa pili darasani, na sijawahi kuvumilia kuchekwa. Nikavua barakoa. Nikamwambia: basi sikiliza. Nikaanza chini kabisa, kooni, ule mkoromo wa mwanzo unaokwama na kushika, nikaupandisha gia ya kwanza, ya pili, nikauachia kwenye kona, nikaupandisha tena, mashavu yanatetemeka, pumzi inaniishia navuta nyingine, gia ya tatu, ya nne, ule mnyoofu mrefu, nikaushikilia pale juu mpaka macho yakatoka machozi na madirisha mawili ya ghorofa yakafunguliwa. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limenielekea. Nilipomaliza alikaa hivyohivyo, kama anayengoja lirudi.

Kisha akaichukua starta yake kutoka ukutani, akaishika kifuani.

"Sasa," alisema, "simdai kitu."